Tasnifu za Kiingereza haziangushwi na sarufi peke yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie hoja inayorudi kila msimu wa mahafali, pale waajiri, wazazi na hata baadhi ya wahadhiri wanapolalamika kwamba wahitimu wa vyuo vyetu hawajui Kiingereza. Malalamiko hayo yana ukweli wake, na mimi ninayefundisha stadi za mawasiliano na kusimamia tasnifu za uzamili siwezi kuyakana. Ninachokataa ni kwamba yamesimama mahali pamoja tu, kwenye sarufi na msamiati, kana kwamba mwanafunzi akishaweka nyakati za vitenzi sawasawa na kuacha kukosea tahajia, andiko lake litasimama lenyewe. Nimesoma tasnifu ambazo sarufi yake haina kasoro kubwa, na bado watahini wakazirudisha kwa maelezo ya jumla kama vile "hoja hazionekani" au "mwandishi hana msimamo", maelezo ambayo mwanafunzi akiyapata hajui aanze kurekebisha ukurasa gani.

Kinachokosekana kwenye tasnifu hizo kinafahamika na kimechunguzwa kwa miaka mingi. Katika andiko lolote la kitaaluma kuna maneno yanayobeba habari yenyewe, kama vile mavuno yalivyopungua au wagonjwa walivyoitikia dawa, na kuna maneno mengine yanayomshughulikia msomaji: yanamwambia tumefika wapi na tunaelekea wapi, hoja hii inahusianaje na iliyotangulia, mwandishi ana uhakika kiasi gani na anachokisema, na angependa kipokewe vipi. Tukiandika "kama tulivyoona katika sura ya pili", "kwa maneno mengine", "yamkini", "bila shaka" au "hebu tuchukue mfano", hatuongezi habari yoyote kuhusu mavuno wala dawa. Tunazungumza na msomaji juu ya andiko letu. Wanaisimu huyaita maneno ya aina hii metadiskosi. Istilahi hiyo iliasisiwa na Mmarekani Zellig Harris mwaka 1959, lakini aliyeieneza kuliko wengi ni Ken Hyland, Mwingereza aliyefundisha miaka mingi Hong Kong, hasa kwa kitabu chake cha mwaka 2005. Yeye huyagawa maneno hayo katika mafungu mawili. Fungu la kwanza humpitisha msomaji ndani ya andiko: viunganishi, matangazo ya mpangilio, marejeo ya sehemu nyingine, utajaji wa vyanzo na ufafanuzi. Fungu la pili humweka mwandishi na msomaji wake ana kwa ana: maneno ya tahadhari, maneno ya uhakika, maneno yanayoonyesha mwandishi analionaje jambo, kujitaja kwake, na kumwita msomaji ashiriki.

Mtu asidhani kwamba haya ni mapambo. Mwaka 2004 Hyland na mwenzake Polly Tse walichapisha uchambuzi wa tasnifu 240 za uzamili na uzamivu zilizoandikwa kwa Kiingereza na wanafunzi wa Hong Kong, zenye jumla ya maneno takriban milioni 4, wakakuta ishara za metadiskosi zipatazo 184,000, yaani moja katika kila maneno 21 hivi. Wanafunzi wa uzamivu walizitumia zaidi kuliko wenzao wa uzamili. Kiingereza hakikuwa lugha ya kwanza ya wanafunzi hao, na tofauti iliyojitokeza kati yao ililetwa na kiwango cha masomo na aina ya fani, kwa kuwa wote walitoka katika mazingira mamoja ya lugha.

Je, wazungumzaji wazawa wa Kiingereza na wasio wazawa wanatofautiana vipi katika jambo hili? Wengi huamini kwamba mzawa amezaliwa na ujuzi huo na mgeni hana, lakini tafiti hazikubaliani na imani hiyo. Hyland na John Milton walipolinganisha, mwaka 1997, insha za mitihani za wanafunzi wa Hong Kong waliokuwa wakimaliza sekondari na za wenzao wa Uingereza, waliona kwamba wale wa Hong Kong walitegemea semi chache zilezile, walitumia miundo sahili zaidi, na walisema mambo kwa uhakika mkubwa kuliko Waingereza. Huko walikuwa na upungufu wa tahadhari. Annelie Ädel, aliyechunguza insha za wanafunzi wa Kiswidi waliobobea katika Kiingereza, aliona mwaka 2006 jambo la upande mwingine: hao walizidisha metadiskosi kuliko wazawa, hasa ile ya kujitaja na kumwita msomaji kila mara. Miaka kumi kabla yake, Sylviane Granger na Stephanie Tyson wa Ubelgiji walitarajia kukuta wanafunzi wanaozungumza Kifaransa wakizidisha viunganishi vya Kiingereza. Kwa ujumla hawakukuta hivyo. Walichokuta ni kwamba viunganishi vinavyoongeza uzito wa hoja, kama "moreover" na "indeed", vilitumiwa kupita kiasi, na vinavyogeuza hoja au kuifikisha kwenye matokeo yake, kama "however" na "therefore", vilitumiwa pungufu. Kwa hiyo hesabu ya jumla inadanganya. Mwandishi anaweza kuwa na viunganishi vingi sawa na vya mzawa na bado akawa anarundika tu, bila kubishana na chochote.

Matokeo hayo ya Ubelgiji nayatambua kila ninapofungua rasimu ya mwanafunzi. Nitatoa mfano wa aya moja, iliyohusu vikundi vya kuweka na kukopa. Ilikuwa na sentensi tano, na nne kati yake zilianza, kwa mfuatano, na "moreover", "furthermore", "in addition" na "on the other hand". Kila sentensi ikisomwa peke yake haina kosa la sarufi. Lakini "on the other hand" ya mwisho haikuwa na upande wa pili wowote: sentensi iliyotangulia ilisema kwamba wanawake walipata mitaji midogo, na yenyewe ikasema kwamba walipata pia mafunzo ya kutunza hesabu. Msomaji anayekutana na maneno yale hujiandaa kusikia kinyume, akipewa nyongeza hurudi nyuma kutafuta alichokiruka, akakosa, na baada ya kurudi hivyo mara tatu au nne anaanza kumshuku mwandishi kwamba hajui hoja zake zinahusianaje. Nilipomuuliza mwandishi kwa nini aliweka kiunganishi kile, alinijibu kwa unyofu kabisa kwamba vile vingine alikuwa ameshavitumia. Alikuwa amefundishwa orodha ya viunganishi tangu sekondari, pamoja na agizo kwamba insha nzuri huwa navyo, na hakuna aliyemwambia kwamba kila kimoja ni ahadi kwa msomaji.

Upande wa tahadhari na uhakika hali ni nzito zaidi, kwa sababu hapo ndipo ukweli wa utafiti wenyewe unapochezewa. Mwanafunzi amewahoji wazazi wa vijiji viwili, halafu anaandika kwa Kiingereza safi kwamba utafiti wake umethibitisha kuwa wazazi wa vijijini hawathamini elimu ya mtoto wa kike. Vijiji viwili vimekuwa vijiji vyote, majibu ya mahojiano yamekuwa mioyo ya watu, na dalili imekuwa uthibitisho, yote katika kitenzi kimoja. Mtahini akimwandikia "umezidisha", mwanafunzi anadhani ameambiwa apunguze ukali wa maneno, naye anarudi na rasimu ambayo kila sentensi imefunikwa na "may", "might", "possibly" na "it seems", hata pale anapoeleza kwamba wengi wa waliohojiwa walikuwa wakulima, jambo ambalo amelihesabu mwenyewe kwenye dodoso zake na halihitaji kusitasita kokote. Tahadhari mahali pake ni kwenye hatua ya kutoka kwenye ushahidi kwenda kwenye hitimisho. Ulichokihesabu kitaje wazi; unachokikisia kutokana na ulichokihesabu, kionyeshe kuwa ni makisio na useme ni makisio yenye nguvu kiasi gani. Jambo hili ni la kufikiri kabla halijawa la lugha, na ndiyo maana kitabu cha sarufi hakiwezi kulitibu.

Atakayetaka kuona wazawa wanavyolifanya asome makala fupi ya Mmarekani James Watson na Mwingereza Francis Crick katika jarida la Nature la tarehe 25 Aprili 1953, ile iliyoueleza ulimwengu umbo la DNA. Ni ya ukurasa mmoja na ushee. Watu wawili waliokuwa wamefumbua mojawapo ya siri kubwa za biolojia walianza kwa kusema kwamba wangependa kupendekeza muundo fulani. Hawakutangaza kwamba wamegundua. Muundo wa wanasayansi waliowatangulia waliukataa waziwazi, wakatoa sababu, wakieleza kwamba huo ni mtazamo wao. Karibu na mwisho wakaandika kwamba halikuwapita jambo hili, kwamba namna walivyodhani sehemu za molekuli zinavyopangana inaashiria mara moja njia inayowezekana ya kujinakili kwa chembe za urithi. Tahadhari iliyomo humo ni nyingi kuliko ile ya tasnifu nyingi za uzamili ninazozisoma, na ujasiri nao ni mwingi kuliko wa tasnifu hizo. Mambo hayo mawili yamekaa pamoja bila kugombana, kwa kuwa kila moja limewekwa palipostahili. Tena wameandika kwa nafsi ya kwanza, "sisi", tangu sentensi ya kwanza, jambo nitakalolirudia.

Je, ni kuzaliwa na Kiingereza ndiko kulikowawezesha? Sidhani, na hapa napenda kueleza ninachoamini kuwa chanzo cha tatizo letu. Mwanafunzi wa Tanzania husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza karibu masomo yote hugeuka ghafla kuwa ya Kiingereza, na tangu hapo hadi shahada ya kwanza Kiingereza anachokutana nacho zaidi ni cha notisi na vitabu vya kiada. Mwaka 1999 Hyland alilinganisha vitabu vya kiada vya vyuo na makala za majarida ya kitaalamu, akaonyesha kwamba vitabu vya kiada vimejaa viunganishi na ufafanuzi, ilhali maneno yake ya tahadhari ni machache kuliko ya makala. Sababu yake inaeleweka. Mwandishi wa kitabu cha kiada anazungumza na asiyejua, anampa maarifa ambayo fani imeshakubaliana nayo, na hana haja ya kujihami. Mwandishi wa makala anazungumza na wanaojua kama yeye au kumzidi, wanaoweza kumbishia, na maarifa anayoleta bado hayajakubaliwa na mtu. Kijana aliyelelewa na notisi kwa karibu miaka kumi anaiga sauti ya pekee aliyoisikia, sauti ya mwalimu mbele ya darasa, yenye viunganishi tele na uhakika usiotikisika, halafu tunamtaka katika mwaka mmoja wa tasnifu azungumze na watahini kama mtaalamu kwa wataalamu wenzake. Hajawahi kuisikia sauti hiyo. Makala za majarida, kama alizifungua, alizifungua kutafuta nukuu za kuweka kwenye mapitio ya maandiko.

Zipo pia hoja za utamaduni, nami sitaki kuzipuuza wala kuzikuza. Anna Mauranen alilinganisha, mwaka 1993, makala za uchumi zilizoandikwa kwa Kiingereza na Wafini na zile za Waingereza na Wamarekani, akaona kwamba wa pili walimwongoza msomaji kwa maneno mengi zaidi. Mfini huona kwamba kumweleza msomaji kila hatua ni kumdharau. Mwingereza huona kwamba kutomweleza ni kukosa adabu. John Hinds alikuwa ameshasema mwaka 1987 kwamba katika Kiingereza mzigo wa kueleweka humwangukia mwandishi, ilhali katika Kijapani sehemu kubwa ya mzigo huo hubebwa na msomaji. Kondakta wa daladala anayetaja kila kituo kwa sauti ni kero kwa abiria aliyezaliwa kwenye njia ile na ni msaada kwa mgeni aliyeshuka mjini asubuhi hiyohiyo, na waandishi wa Kiingereza cha kitaaluma wamechagua kumchukulia kila abiria kuwa mgeni. Huo ni uchaguzi wao wa kihistoria. Hauonyeshi kwamba wana akili iliyonyooka kuliko watu wengine, kama ilivyodhaniwa baada ya Robert Kaplan kuchora, mwaka 1966, mstari mnyoofu kuwakilisha fikra za Kiingereza na mistari ya kuzunguka na kupinda kuwakilisha fikra za wengine. Waafrika hatukuchorwa kabisa, na pengine ilikuwa heri, maana Kaplan mwenyewe baadaye aliupunguza makali mchoro wake.

Kwa upande wetu, anayesema kwamba mwandishi wa Kiswahili hana mazoea ya kumwongoza msomaji hajasoma tenzi. Mtunzi wa utenzi huanza kwa jina la Mwenyezi Mungu, aghalabu akaagiza wino na karatasi, akamwita msikilizaji asogee, akataja kusudi lake kabla hajaanza kisa. Akimaliza, huenda akataja jina lake, tarehe na hata idadi ya beti ili asije mtu akazidisha au akapunguza. Kwenye nathari ya leo tunayo "ikumbukwe kwamba", "turejee kwenye hoja yetu", "inaelekea", "huenda", "yumkini", "si ajabu ikawa", kila moja na kiwango chake cha uhakika, na mwanafunzi huyohuyo aliyethibitisha kwamba wazazi wa vijijini hawathamini elimu ukimwomba akusimulie utafiti wake kwa Kiswahili atakwambia "inaelekea wazazi wengi tuliozungumza nao wana wasiwasi". Tahadhari anayo. Ameiacha mlangoni alipoingia kwenye Kiingereza.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaofanya uzawa kuwa kipimo. Wahadhiri wengi wa Afrika Mashariki wanaijua ile sentensi ya mhakiki wa jarida la nje inayowashauri wampe makala yao mzungumzaji mzawa aiangalie. Mzawa yupi? Ädel alikuta wanafunzi wa Kimarekani wakitumia metadiskosi zaidi kuliko wa Uingereza, na wote ni wazawa. Mwanafalsafa na mwanasosholojia hutumia tahadhari zaidi sana kuliko mhandisi au mwanafizikia, hata kama wote wamezaliwa mtaa mmoja wa London. Ute Römer, aliyelinganisha mwaka 2009 waandishi wanafunzi na waandishi waliobobea, wazawa na wasio wazawa, alihitimisha kwamba kinachotenganisha uandishi wa kitaaluma ni uzoefu ndani ya fani kuliko lugha ya kuzaliwa. Mwaka 2016 Hyland alikwenda mbali zaidi akaandika kwamba dhana ya dhuluma ya lugha katika uchapishaji, yaani kwamba asiye mzawa huonewa kwa sababu ya lugha yake, ni hekaya, kwa kuwa mzawa mchanga naye huhangaika vilevile. Mimi hapo nakubali nusu tu. Ni kweli kwamba hakuna aliyezaliwa akiandika makala za jarida, lakini mzawa hahitaji kupigana na vihusishi huku akijifunza kupima uhakika wake, na mwenzetu anafanya yote mawili kwa mshahara mmoja. Wapo wanaisimu waliompinga Hyland mwaka huohuo kwa hoja zinazokaribiana na hii, nami naona walikuwa na haki.

Lipo jambo moja ambalo tumejifanyia wenyewe na hatuwezi kumsingizia mhakiki wa nje. Baadhi ya miongozo ya uandishi wa tasnifu, na wasimamizi wengi hata pale mwongozo usiposema, humkataza mwanafunzi kutumia "mimi" au "sisi" na kumwagiza ajiite "mtafiti". Kwa hiyo tunasoma kwamba mtafiti alikwenda Kilosa, mtafiti alichagua sampuli, mtafiti anaamini, na kuna ukurasa ambapo mtafiti huyo na mtafiti mwingine aliyenukuliwa wanachanganyika hata usijue nani alifanya nini. Desturi hiyo imeingia mpaka kwenye tasnifu zinazoandikwa kwa Kiswahili. Wanaoitetea husema kwamba inaleta ukweli usioegemea upande, ilhali katika majarida makubwa ya Kiingereza ambayo tunataka wanafunzi wetu wachapishe, kujitaja ni jambo la kawaida, na wanasayansi wa maabara wenyewe huandika "tulipima" na "tunapendekeza". Mwandishi anayeruhusiwa kusema "nadai" hulazimika kuuliza anadai kwa ushahidi gani. Anayejificha nyuma ya "imeonekana" halazimiki kuulizwa chochote. Nadhani sehemu ya ile kauli ya watahini kwamba mwandishi hana msimamo inatokana na sisi kumnyang'anya kiwakilishi cha kusimamia.

Vivyo hivyo ibada ya utangulizi na muhtasari wa kila sura. Sura inaanza kwa aya inayotaja vichwa vya habari vyote vilivyomo, ambavyo msomaji ameshaviona kwenye yaliyomo, na inaishia kwa aya inayotaja vichwa hivyohivyo kwa wakati uliopita. Hiyo nayo ni metadiskosi, na kwa wingi wake ingetosha kumridhisha Mwingereza yeyote, lakini haimwongozi mtu popote. Aya ya kufungulia sura ingemfaa msomaji kama ingesema kwa nini mjadala wa mbinu umewekwa kabla ya nadharia, au kwamba matokeo ya kijiji cha pili yatapingana na ya kwanza na mwandishi atalieleza hilo mwishoni.

Programu za kompyuta zinazosahihisha Kiingereza, na sasa zinazokiandika zenyewe, zimeifanya hoja hii iwe ya haraka zaidi. Kosa la sarufi linafutwa kwa sekunde, na zana hizo zikiombwa ziboreshe andiko huwa hodari sana wa kupachika "moreover" nyingine. Lakini programu haikuwepo kwenye mahojiano ya vijiji viwili, haijui kama mzazi alisita kabla ya kujibu, na haiwezi kujua kama neno lifaalo ni "inaonyesha", "inaashiria" au "imethibitisha". Uamuzi huo unabaki kwa mwanafunzi, na tukiendelea kumpima kwa sarufi pekee tutakuwa tunapima kazi ya programu.

Ninachopendekeza kwa idara na shule za uzamili si kozi mpya, kwa sababu kozi tunazo na nyingi zinajirudia. Kwanza, miongozo ya tasnifu ifute katazo la nafsi ya kwanza, au angalau iachie kila fani ifuate majarida yake. Pili, maoni ya wasimamizi na watahini yaonyeshe mahali na sababu: badala ya kuandika "hoja hazionekani", mtahini aandike kwamba kiunganishi hiki kimeahidi kinyume na hakuna kinyume, au kwamba kitenzi hiki kinadai kuliko jedwali linavyoonyesha. Tatu, kabla ya kuandika pendekezo la utafiti, kila mwanafunzi aje kwa msimamizi na makala mbili za jarida la fani yake, moja ya mzawa na nyingine ya mtu asiye mzawa, ikiwezekana Mwafrika mwenzetu, akiwa amepigia mstari kila mahali mwandishi anapodai, anaporudi nyuma, anapojitaja na anapomgeukia msomaji, na waulizane kwa nini pale na si kwingine. Zoezi hilo halina gharama wala halihitaji kibali cha seneti. Linahitaji msimamizi akae na mwanafunzi mmoja kwa saa nzima, jambo ambalo kwa msimamizi aliyepangiwa wanafunzi ishirini ni gumu, na kuhusu mgawanyo huo ningependa kusikia wakuu wa idara wakijibu kupitia safu hii hii.

Wako,

Mhadhiri wa stadi za mawasiliano,
Morogoro